Wali wa Watwangaji

Vijana wenzangu wa jikoni, mlinisumbua hata siku ile ya kuniaga: "Tata Mwepu, andika, usituachie masufuria peke yake." Haya, naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alipewa mkono na mkurugenzi sitataja. Hayo ni mambo ya ofisi, na hayajawahi kuivisha maharage hata siku moja. Nitasema ya jikoni, tangu nilipoingia, na nitaishia pale ninapoona panatosha. Miaka iliyofuata mliiona wenyewe, na wengine wenu ndio mliounguza.

Niliingia kama mwosha vyombo. Nyumba ya wageni ya kampuni yetu ilikuwa palepale ilipo leo, kwenye barabara ya kwenda Kapata, ila ukuta haukuwapo na vumbi la malori lilikuwa linaingia bila hodi. Wageni walikuwa mafundi wa mitambo. Wanakuja kufunga mashine migodini, wanakaa miezi, wanarudi kwao na malaria na mke mpya, au malaria peke yake. Siku ya kwanza nilipewa aproni ya mtu aliyekuwa mnene kuliko mimi mara mbili, nikaonyeshwa bomba la maji, nikaambiwa nisiguse moto. Nilikuwa na diploma ya sekondari mfukoni na nilijiona msomi. Basi msomi akaosha masufuria mwaka mzima.

Aliyenikataza moto ni Mama Beatrisi, mpishi mkuu. Alikuwa mama wa Mutshatsha, mfupi, mpana, kitambaa kimemkaza kichwani kama anaogopa mawazo yatatoka. Mume wake alitumika kwenye kampuni kubwa ya zamani, akafariki, akamwachia nyumba ya Kapata. Baadaye binti yake naye akafariki, akamwachia wajukuu wanne. Wote hao walikuwa wanakula kutoka kwenye mikono yake miwili. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikasirika alikuwa anasema polepole zaidi, na sisi tulikuwa tunamwomba Mungu apige kelele.

Somo la kwanza alilonipa lilikuwa kuchagua mawe kwenye mchele. Sinia kubwa, dirisha lenye mwanga, macho chini. "Mugeni akitafuna libwe," aliniambia, "atasahau bintu yote ulimupikia. Libwe njo atakumbuka." Mpaka leo nikila wali kwa watu nautafuna kwa mashaka, na mke wangu ananiona sina adabu.

Somo la pili lilikuwa mbabula, jiko la makaa, ambayo sisi tunaita makala. Nyinyi mna jenereta, mnabonyeza tu. Sisi umeme ulikuwa unaondoka bila kuaga, na supu iko katikati. Kwa hiyo mbabula mbili zilikuwa zinakaa nje ya mlango zimejaa makala, na mtu wa kuziwasha alikuwa mimi, maana moto wa nje haukuhesabiwa. Jueni kwamba makala mabichi yanatoa moshi na moshi unaingia kwenye maziwa. Makala ya Mutshatsha ndiyo mazuri, na Mama hakusema hivyo kwa sababu ya kwao tu. Nimejaribu mengine yote.

Somo la tatu halikuwa somo, maana kila mtoto wa huku anazaliwa nalo: mwiko. Bukari, ugali wetu, ndiyo shule yetu. Maji yakichemka unatia unga, unakoroga, unatia tena, unakoroga mpaka mkono unauma na jasho linataka kuanguka ndani. Sufuria ya bukari ukiigeuzia mgongo, inakuharibikia. Mtu wa Katanga haachi sufuria peke yake, kama vile hamwachi mtoto karibu na kisima. Mama Beatrisi alikuwa na mwiko wake wa mti mgumu, mweusi kwa umri, na hakuna aliyeugusa.

Kesi ngumu tulipata nyingi. Kulikuwa na mgeni mmoja aliyekula mayai tu, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu alisema yai haliwezi kudanganya. Mwingine alikuwa anakataa sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kwa kuwa ni ya kijani, halafu anakunywa bia ya chupa ya kijani bila shida. Hao niliwahudumia na kuwasahau. Mmoja sijamsahau, ni Bwana Renzo.

Bwana Renzo alikuwa Mwitalia mwenye mvi, fundi wa vinu vya madini. Kinu chenyewe ni pipa la chuma refu kama nyumba, linazunguka na mipira ya chuma ndani, mawe ya shaba yanaingia na kutoka yakiwa unga. Alikuja kufunga kimoja, na hapa hakukuwa na mtu mwingine aliyekijua. Mwezi wa kwanza alikula kila kitu na kuomba pilipili. Kisha homa ikamshika. Alirudi kutoka hospitali amevaa nguo zake, lakini ungedhani ameazima za kaka yake. Na kuanzia hapo sahani zake zilikuwa zinarudi jikoni kama zilivyotoka.

Mama alijaribu kuku. Ikarudi. Akajaribu samaki, supu ya mboga, makaroni, ndizi za kukaanga. Zikarudi, na kila sahani ikiwa na asante yake, maana Bwana Renzo alikuwa mtu wa adabu. Kwa mpishi, sahani iliyojaa inayorudi na asante inauma kuliko matusi.

Ndipo akaja Monsieur Kazadi, msimamizi wa nyumba. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama Beatrisi, mi nakuheshimia, unajua. Lakini mukubwa amechoka. Monsieur Renzo hakuli. Docteur anasema akiendelea hivi, watamurudisha kwabo, na kile kinu hakijatembea. Mukubwa anasema mpaka siku ya posho. Kama hakuli, jikoni tutaipa batu ya Lubumbashi, bale banapikaka mu ma-hôtel. Weye utapumzika."

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi.

"Nitapumzikia wapi?" Mama aliuliza, polepole.

Monsieur Kazadi akaangalia viatu vyake, akaondoka.

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia Mama naenda kwa Bwana Renzo sasa hivi nimweleze kinachotokea, maana yule mzee hakujua kwamba uma wake umeshika chakula cha watoto wanne. Mama akanishika aproni.

"Hapana. Usiende kumuomba. Mugonjwa asikule juu ya kunihurumia. Akule juu iko kitamu. Unanisikia, Mwepu?"

Nilisikia. Sikukubaliana naye, lakini nilisikia.

Jioni ile alimpikia risotto. Mpishi mmoja wa zamani alimfundisha: mchele unakaangwa kidogo kwenye siagi, kisha unatia mchuzi wa mifupa upawa kwa upawa, unakoroga bila kupumzika mpaka wali unakuwa mlaini wa kumwagika. Ni chakula kinachotufaa sana sisi watu wa mwiko. Mama aliukoroga kwa moyo wote. Nikaupeleka mwenyewe barazani alipokuwa amekaa na blanketi magotini. Akaonja mara moja, akatabasamu, akalaza uma.

"Ni mzuri," alisema kwa Kifaransa. "Ni wa Milano."

Alisema kama mtu anayesifu nyumba ya jirani. Nikamuuliza kwao wanapikaje. Wallahi sikumwomba kitu, niliuliza tu, Mungu ni shahidi. Na yule mzee akakaa wima kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Kwao, alisema, ni nchi tambarare ya maji mengi, upande wa Mantova, mashamba ya mpunga mpaka macho yanachoka. Wali wao unaitwa riso alla pilota. Riso ni mchele, hiyo niliijua. Nikamuuliza hiyo pilota ni nini, mji au mpishi?

"Si mji wala mpishi. Pila ni kinu," alisema. "Kinu cha kukobolea mpunga. Zamani kila penye mashamba makubwa palikuwa na nyumba ya vinu. Michi mikubwa imepangwa mstari, gurudumu linalozungushwa na mto linaiinua, inapanda na kuanguka, inapanda na kuanguka. Watu waliokuwa wanavitumikia vile vinu ndio walioitwa piloti. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Wali ni wao, kwa hiyo jina ni lao."

Akanieleza sababu ya upishi wenyewe. Watu wale walikuwa wanakula palepale kazini, kwenye vumbi la makapi, na sufuria moja kubwa ya pamoja. Nani kati yao angeacha kinu asimame anakoroga? Hakuna. Kwa hiyo walitafuta njia ya wali unaojipika. Maji yachemke kwa chumvi. Mchele umwagwe katikati kwa karatasi iliyokunjwa kama faneli, polepole, mpaka uwe kilima, na kichwa cha kilima kichungulie kidogo juu ya maji. Hicho ndicho kipimo. Kisha unatikisa sufuria kilima kizame, unaacha uchemke muda mfupi, unaepua, unafunika na vitambaa vizito, unarudi kwenye kinu chako. Ukirudi kula, punje zimesimama kila moja peke yake. Unatia nyama ya nguruwe iliyosagwa na kukaangwa kwa siagi na vitunguu saumu, na jibini ngumu juu yake.

"Na hao piloti, wako wapi sasa?" niliuliza.

"Hawapo. Mashine moja inafanya kazi yao wote. Limebaki jina, kwenye sufuria."

Alisema bila huzuni. Alikuwa mtu wa mashine.

Nilirudi jikoni nikamsimulia Mama. Akaacha kukata kitunguu.

"Batu ya kinu? Banatwanga muchele?"

"Ndiyo, Mama."

"Na chakula ikapewa jina yabo? Bo benyewe? Hapana ya patron?"

"Hapana ya patron. Ni ya watumishi wenyewe."

Akacheka, kwa mara ya kwanza juma lile. Akaniambia kwamba alipokuwa msichana Mutshatsha walikuwa wanatwanga wawili wawili kwenye kinu kimoja, mmoja anapandisha, mwingine anashusha, ukikosea mpigo unamvunja mwenzako vidole. "Tulitwanga mpaka mabega inalia," alisema. "Na hakuna hata mboga moja inaitwa Beatrisi."

Kulikuwa na shida ya nguruwe. Kanisa la Mama linamkataza, na Mama hakuwa mtu wa kanisa la Jumapili tu. Alifikiri kidogo, akaamua: "Mikono yangu ni ya kazi. Kinywa ni ya kanisa. Weye utaonja." Hivyo ndivyo nilivyoruhusiwa rasmi kugusa jiko, nikiwa ulimi wa mtu mwingine.

Nyama niliipata kwa mchinjaji wa sokoni, mtu anayemjua nguruwe wake kwa jina. Jibini alitupa Bwana Renzo mwenyewe, kipande kigumu kama tofali alichokuwa amekileta kwenye sanduku kikiwa kimefungwa kwenye soksi safi. Alisema soksi ni safi. Tulimwamini.

Alhamisi tukajaribu. Maji yakachemka, mchele ukashuka, kilima kikachungulia vizuri kabisa. Mama akatikisa sufuria, akafunika. Nikageuka kumenya vitunguu saumu. Niliposikia kifuniko kinalia nikaangalia, na mwiko mweusi ulikuwa tayari umeingia, umezunguka, umezunguka tena, umefika chini. Sidhani ni yeye aliyekoroga. Ni ile bukari ya miaka yake yote. Hata yeye alishtuka, akautoa mwiko na kuuangalia kama ni mkono wa mwizi. Alikuwa amechelewa. Ukatoka uji mzito, na nguruwe tuliyemtia baadaye hakuuokoa. Tuliwapa walinzi, wakausifu sana, lakini walinzi wetu wanasifu kila kitu.

Mama akakaa kwenye gunia la unga.

"Mwepu," alisema, "naogopa."

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Nilidhani watu kama yeye hawana.

"Batoto ya binti yangu banakulaka hii jikoni. Bakiniondoa hapa, sina kwa kuanzia. Nani ataandika kazini mama muzee ya bukari?"

Na mimi niliogopa, nawaambia wazi. Niliogopa kwa ajili yake na niliogopa kubaki jikoni bila yeye. Nikaosha sufuria ile mpaka ikang'aa, maana hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naijua.

Jumamosi, mapema, aliniita akanipa mwiko wake mkononi. Nilikuwa sijawahi kuushika.

"Funga mu dépôt. Ufunguo weka wewe. Usinipe hata nikuite tata, hata nilie."

Nikaufunga ghalani. Umeme nao ukaona ndiyo siku nzuri ya kuondoka, basi tukatoka nje kwenye mbabula. Karatasi ya faneli niliikunja kutoka kwenye mfuko safi wa unga. Mama akamwaga mchele kwa mkono mmoja, na mwingine ameuweka kiunoni. Kilima kikapanda, kikachungulia. Akatikisa. Ukachemka. Akaepua, akaifunika sufuria kwa kifuniko, kisha taulo mbili, kisha kitenge chake mwenyewe alichokuwa amejifunga, akabaki na gauni la ndani na aproni, hakujali. Halafu akasimama mbele yake, mikono ameificha kwapani.

Vijana, nimeona wanaume wakishika nyaya za umeme kwa makosa, na sikuwahi kuona mikono inayotaka kufanya kitu kama mikono ile. Kila nilipomtazama alikuwa anajikaza. Mara moja aliniambia, "Kama inaungua?" Nikamwambia haiko motoni, Mama, itaungua na nini. "Kama inaungua yenyewe?" Nikamwambia tuifanye nyama.

Tukaifanya nyama. Siagi, vitunguu saumu, pilipili manga. Nikaonja.

"Iko namna gani?"

"Iko muzuri, Mama."

"Usinidanganye juu unanipenda."

"Inakosa chumvi kidogo."

"Njo vile," akasema, akatia chumvi.

Tulipofunua kitenge, mvuke ukatoka, na chini yake wali ulikuwa umesimama, punje punje, mweupe, mkavu, hakuna iliyomshika mwenzake. Mama alichukua punje moja kwa kidole, akaiweka ulimini, akafumba macho. Nyama ilikuwa bado pembeni, kwa hiyo kanisa halikudhurika.

Nilipeleka sahani barazani. Nikasugua jibini juu yake mbele ya Bwana Renzo. Akanusa. Akala. Hakusema asante, na hilo ndilo lililonipa matumaini. Alikula nusu ya sahani ameinamia kama mtu anayesoma, kisha akasimama, blanketi likaanguka, akaondoka na sahani mkononi kuelekea ndani. Moyo wangu ukaanguka pamoja na blanketi. Nikajua anairudisha.

Alipita chumba cha kulia, akapita jikoni, akatoka mlango wa nyuma mpaka penye mbabula, akasimama pale kwenye moshi mbele ya Mama Beatrisi, akaendelea kula. Alipomaliza akanyoosha sahani, akauliza kama imebaki. Imebaki, Mama akamwambia, na akamjazia. Bwana Renzo akamwambia kwamba babu yake hakuwahi kuula wali huu amekaa. Nikatafsiri. Mama akageukia makala, akajifuta uso kwa aproni, na hakusingizia moshi.

Monsieur Kazadi alitukuta hivyo. Alikuwa amekuja kwa jambo lake la Jumamosi, mnalijua. Akamwangalia Bwana Renzo, akaiangalia sahani, akaangalia ndani ya sufuria, kisha akarudi ofisini kupiga simu. Alichelewa huko. Sisi tulingoja tumesimama, na Bwana Renzo, asiyejua lolote, aliendelea kukwangua.

Aliporudi alikuwa na chaki mkononi, ile ya ubao wa chumba cha kulia, ambapo vyakula vya siku viliandikwa.

"Mama, ile maneno ya batu ya Lubumbashi, tuiache. Mukubwa amefurahi. Anasema kesho bakubwa ya mine bako nakuya kula hapa, na anataka ile ile ya Monsieur Renzo. Sasa, kwa ubao, niandike nini? Mi nilifikiri 'Riz du Directeur', muchele ya mukubwa. Itamupendeza."

Nilimwangalia Mama. Ilikuwa saa ya kusema aksanti, na mimi ningeisema mara kumi. Yeye alikuwa anafunga kitenge chake kiunoni, anakikaza, anakikaza tena.

"Hapana," alisema, polepole. "Andika Muchele ya Batwangaji."

"Mama," Monsieur Kazadi alisema kwa upole, "bageni habatajua ni nini."

"Baulize. Mi niko hapa."